Vyuo vya jamii Marekani na mwanafunzi mwenye kipato kidogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwenye meza ya kukunja iliyo nyuma ya ukumbi wa kanisa, ambapo kila Jumamosi tunazisaidia familia zinazozungumza Kiswahili kujaza fomu za vyuo. Wanaokuja ni wakimbizi kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, pamoja na Wakenya na Watanzania waliofika kwa bahati nasibu ya viza, na vijana wao waliosomea sekondari hapa. Karibu wote wana kipato kidogo, na karibu wote huuliza yaleyale. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali husika.

## Msingi

1. Chuo cha jamii ni nini hasa?

Ni chuo cha umma cha ngazi inayofuata baada ya sekondari ambacho humpokea karibu kila mtu mzima aliyemaliza sekondari, au mwenye cheti kinacholingana nayo, bila kushindanisha alama. Hutoa vyeti vya ufundi vya miezi michache hadi mwaka mmoja, na pia shahada ya miaka miwili inayomwezesha mtu kuingia kazini au kuhamia chuo kikuu akiwa amekwisha kupata karibu nusu ya krediti, yaani vipimo vya masomo yaliyofaulu, za shahada ya kwanza. Marekani ina vyuo vya aina hii wapatao 1,000. Katika mwaka wa masomo wa 2024–25, wastani wa ada iliyotangazwa kwa mkazi wa eneo la chuo ulikuwa dola 4,050, ilhali vyuo vikuu vya umma vya miaka minne viliwatoza wakazi wa jimbo wastani wa dola 11,610. Zaidi ya hayo, wanafunzi wengi huendelea kuishi nyumbani kwao.

Msomaji aliyetoka Tanzania asikilinganishe moja kwa moja na chuo cha maendeleo ya wananchi wala VETA. Chuo cha jamii hufundisha ufundi kama vyuo hivyo, lakini pia hufundisha masomo ya chuo kikuu, yenye krediti zinazoweza kuhamishwa.

2. Je, ni kweli kwamba ni chuo cha waliofeli?

Hapana, na dhana hii inawagharimu sana watoto wetu. Mara nyingi mzazi aliyelelewa katika mfumo wa mtihani mmoja unaoamua maisha hutafsiri mlango ulio wazi kuwa dalili ya elimu duni. Chukua mfano wa uuguzi: anayehitimu uuguzi kwa shahada ya miaka miwili hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaoufanya aliyesoma miaka minne. Ni kweli kwamba hospitali nyingi hupendelea shahada ya kwanza, lakini hiyo anaweza kuimalizia akiwa tayari analipwa mshahara wa muuguzi. Fahamu pia kwamba mlango wa chuo kuwa wazi hakumaanishi kwamba kila programu iko wazi. Uuguzi ndani ya chuo cha jamii una nafasi chache, na mtu huingia kwa alama za biolojia na kemia alizopata akiwa tayari chuoni hapo.

3. Vyuo hivi vilianzaje, na vilipataje kuwa vyuo vya watu wenye kipato kidogo?

Chuo cha kwanza cha umma cha aina hii kilianzishwa mwaka 1901 huko Joliet, Illinois, kikiwa na wanafunzi sita. William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitaka miaka miwili ya mwanzo ya masomo ya juu ifundishwe nje ya chuo kikuu, na mkuu wa sekondari ya Joliet, J. Stanley Brown, akayaweka mawazo hayo katika vitendo. Nia ya awali haikuwahusu maskini.

Mgeuko ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Sheria ya 1944 iliwalipia masomo askari waliorudi vitani, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza mtandao wa vyuo vya umma vilivyo karibu na watu, vinavyotoza ada ndogo au visivyotoza kabisa. Miaka ya 1960 vilijengwa kwa mamia. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, na mwaka 1972 ikaanzishwa ruzuku ambayo baadaye ilipewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Ruzuku hiyo ndiyo iliyoufanya mlango uliokuwa wazi kisheria uwe wazi pia kwa mtu asiye na fedha mfukoni.

4. Wanaposema jukumu la vyuo vya jamii limebadilika, wanamaanisha nini?

Kwa muda mrefu chuo cha jamii kilipimwa kwa idadi ya waliojiandikisha. Madarasa yakijaa Septemba, kazi ilihesabiwa imefanyika, na majimbo yalilipa kwa vichwa. Hakuna aliyeulizwa sana ni wangapi waliobaki darasani mwezi wa Aprili, na kimya hicho kiliwaumiza zaidi wenye kipato kidogo kwa sababu ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka.

Swali hilo sasa linaulizwa waziwazi. Mwezi wa Julai 2009, Rais Obama alikwenda katika chuo cha jamii cha Macomb, Michigan, akatangaza lengo la kuongeza wahitimu milioni 5 wa vyuo vya jamii kufikia 2020. Bunge halikuupitisha mpango huo kwa ukubwa aliouomba, lakini mazungumzo hayakurudi nyuma. Majimbo mengi yalianza kufungamanisha fedha na matokeo. Texas ilikwenda mbali zaidi mwaka 2023 kwa sheria inayovilipa vyuo vya jamii sehemu kubwa ya fedha za jimbo kulingana na vyeti, shahada na wanafunzi wanaohamia vyuo vikuu, huku mwanafunzi mwenye kipato kidogo anayefaulu akikiletea chuo malipo ya ziada.

Nyongeza hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, njia rahisi ya chuo kupandisha takwimu zake ingekuwa kuwatafuta wanafunzi walio tayari na kuwaacha wale wanaohitaji miaka minne kumaliza masomo ya miwili. Kwa maoni yangu, chuo kinastahili kuitwa cha jamii pale tu kinapomhesabu mama wa watoto watatu aliyepotea wiki ya sita na kwenda kumtafuta.

## Fedha

5. Je, ni bure kweli?

Katika majimbo mengi ada inaweza kufutika kabisa, lakini ada ni sehemu tu ya gharama. Mpango uliofungua njia ni Tennessee Promise wa jimbo la Tennessee, uliopokea wanafunzi wake wa kwanza, waliotoka sekondari, mwaka 2015. Mwaka 2018 jimbo hilo likawaongeza watu wazima. Michigan ilianza mwaka 2021 kuwalipia wenye miaka 25 na zaidi wasio na shahada, Maine ikafuata 2022 kwa vijana wanaotoka sekondari, na Massachusetts, baada ya kuanza na watu wazima mwaka 2023, ikafungua kwa karibu kila mkazi asiye na shahada ya kwanza mwaka 2024. Tangu 2024 Minnesota hulipia ada za familia zenye kipato cha chini ya dola 80,000, katika vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma pia.

Soma masharti kwa makini, kwa sababu mipango mingi hulipa kile tu kinachobaki baada ya ruzuku nyingine zote. Tuseme ada ya mwaka ni dola 4,000 na mwanafunzi amepata ruzuku kamili ya Pell (swali la 6) ya dola 7,395. Ada imekwisha kulipwa, na mpango wa jimbo haumwongezei hata senti moja. Dola 3,395 zilizobaki za Pell ni zake kwa ajili ya vitabu, nauli na chakula, na angezipata hata kama mpango wa jimbo usingekuwapo. Anayefaidika zaidi na neno "bure" ni yule ambaye kipato cha familia yake kimezidi kidogo kiwango cha Pell. Silaumu mipango hii, kwa kuwa neno lenyewe limewaleta mezani kwetu watu ambao wasingethubutu kuja. Lakini mzazi asidhani kwamba ikisemwa ni bure basi hakuna tena cha kulipa.

6. Ruzuku ya Pell inafanyaje kazi?

Ni fedha za serikali kuu kwa mwanafunzi ambaye hajawa na shahada ya kwanza na ambaye familia yake ina kipato kidogo, na hazirudishwi isipokuwa katika hali zinazoelezwa kwenye swali la 10. Kiwango cha juu kwa mwaka wa 2025–26 ni dola 7,395. Huombwa kwa fomu ya FAFSA, ambayo hujazwa upya kila mwaka. Wengi hupoteza ruzuku ya mwaka wa pili kwa sababu tu walidhani fomu ya kwanza inatosha. Kuna ukomo wa maisha unaolingana na mihula 12 ya masomo ya muda wote, kwa hiyo kila muhula ni akiba inayopungua.

7. Kwa nini fomu ya FAFSA inazisumbua sana familia zetu?

Fomu imefupishwa, lakini ilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye jina la kwanza, jina la ukoo na tarehe ya kuzaliwa zisizo na utata. Wengi wetu hatuko hivyo. Mwanamke mmoja alituletea kadi tatu akaziweka mezani kwa mstari: kwenye kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) jina la baba yake lilikuwa mwisho, kwenye hati ya kuingilia nchini lilikuwa mwanzo, na kwenye kitambulisho cha jimbo herufi moja ilikuwa imerukwa. Mfumo hulinganisha maandishi na kumbukumbu za Social Security, na kwa mfumo huo mwanamke huyu alionekana kama watu watatu wanaoomba ruzuku moja. Wengine tarehe yao ya kuzaliwa ni Januari 1, kwa sababu karani kambini aliandika hivyo kila aliyejua mwaka tu. Hiyo inakubalika, mradi iandikwe vilevile kila mahali. Nakili jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, hata kama unajua limekosewa, kisha anza taratibu za kulisahihisha.

Tatizo la pili ni mzazi asiye na namba ya Social Security. Fomu mpya ya mwaka wa 2024–25 ilichelewa hadi mwisho wa Desemba 2023 badala ya Oktoba, na kwa wiki nyingi wazazi hao hawakuweza kukamilisha sehemu yao. Sasa mzazi wa namna hiyo anaweza kufungua akaunti yake, ingawa huenda akatakiwa kuthibitisha utambulisho wake kwa nyaraka. Anza mapema, na usiache kwa sababu ukurasa umekataa mara ya kwanza.

8. Hali yangu ya uhamiaji inaniruhusu kupata msaada?

Raia, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu ambayo wengi huiita grinikadi, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi wanaweza kuomba Pell. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri uamuzi hawezi, na mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hawezi pia. Mwanafunzi wa F-1 hutozwa ada ya mgeni, ambayo ni kubwa mara kadhaa, na hulazimika kusoma muda wote. Hata hivyo Wakenya wengi wamepitia njia hii kwa sababu miaka miwili ya mwanzo bado huwa nafuu kuliko chuo kikuu.

Ada ya mkazi ni suala la jimbo. Mara nyingi hudai uwe umeishi humo miezi 12, ingawa kuna majimbo yanayowasamehe wakimbizi sharti hilo. Kwa wasio na hati, majimbo hutofautiana sana na sheria hubadilika: California imewaruhusu wengi kulipa ada ya mkazi tangu 2001, lakini Texas na Florida ziliacha kufanya hivyo mwaka 2025. Asiye na hati azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji au shirika linaloaminika kabla ya kujaza fomu yoyote ya serikali kuu.

9. Nikope?

Kwa ada ya chuo cha jamii, mara nyingi hakuna haja. Ukilazimika, kopa mkopo wa serikali kuu, kiasi kidogo, na kwa sababu unayoweza kuitaja. Imeonekana mara kwa mara kwamba wanaoshindwa kulipa ni watu wenye madeni madogo walioacha masomo kabla ya kuhitimu, yaani walibaki na deni bila cheti cha kuwasaidia kulilipa.

10. Nikiacha masomo katikati ya muhula, kutatokea nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa kuchelewa kuliko yote, kwa kawaida mtu akiwa na barua ya deni mkononi. Kisheria ruzuku huhesabika kuwa yako kidogo kidogo kadiri muhula unavyosonga, na huwa yako yote ukivuka asilimia 60 ya muhula. Katika muhula wa wiki 15, hiyo ni baada ya wiki ya tisa. Ukipewa dola 3,600 kwa muhula na kuacha mwishoni mwa wiki ya tano, umestahili theluthi moja tu, yaani dola 1,200. Chuo hurudisha serikalini sehemu kubwa ya kilichobaki, kisha hukudai wewe ada ambayo fedha hizo zilikuwa zimelipa. Mara nyingi hutaweza kujiandikisha tena hadi deni hilo liishe.

Kosa tunaloliona zaidi ni kuondoka kimya. Katika desturi zetu mtu aliyeshindwa huona aibu kwenda kumwambia mwalimu, akaona heri apotee. Hapa kimya huleta deni pamoja na alama za F. Ukiona maji yamekufika shingoni, nenda kwa mshauri kabla hujaacha: pengine utapunguza kozi mbili na kubaki na mbili, au mwalimu atakuongezea muda. Kama ni lazima uondoke, ondoka rasmi kwa maandishi.

Ujue pia kwamba ili kuendelea kupata msaada, vyuo vingi hudai wastani wa alama 2.0 kati ya 4.0 na kufaulu takriban asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Aliyeshuka chini ya hapo kwa sababu ya ugonjwa, kifo cha ndugu au jambo lingine zito anaweza kukata rufaa, na rufaa iliyoandikwa vizuri na kuambatanishwa na ushahidi hukubaliwa mara nyingi.

## Kuingia darasani

11. Kiingereza changu bado hakijanyooka. Nisubiri?

Usisubiri, lakini chagua darasa kwa uangalifu. Vyuo vingi vina madarasa ya Kiingereza ya elimu ya watu wazima, yanayolipiwa na serikali kuu pamoja na jimbo, ambayo hayana ada na hayagusi Pell yako. Madarasa mengine ya Kiingereza yamo ndani ya programu yenye krediti, na hayo hula mihula yako 12 ya maisha (tazama swali la 6). Tumewaona watu waliotumia mihula minne ya Pell kujifunza Kiingereza ambacho wangefundishwa bila malipo katika jengo la jirani. Uliza swali moja tu kabla ya kusaini: darasa hili litapunguza Pell yangu?

Baadhi ya vyuo hufundisha Kiingereza pamoja na ufundi kwa wakati mmoja, mwalimu wa lugha na wa fani wakiwa katika chumba kimoja. Ikiwa chuo chako kinafanya hivyo, chukua nafasi hiyo.

12. Vyeti vyangu vilibaki Kongo, au vimeandikwa kwa Kifaransa. Nifanyeje?

Mwenye diplôme d'État, KCSE au cheti cha kidato cha nne au cha sita akitafsirishe ikihitajika, na akipeleke kwa shirika la kutathmini vyeti vya nje linalotambuliwa na chuo husika. Kwa aliyevipoteza vitani, vyuo vingi hukubali maelezo ya maandishi, hasa kwa mkimbizi. Isipowezekana, kuna mitihani ya GED au HiSET, inayompa mtu cheti kinacholingana na cha sekondari, na chuo chenyewe kwa kawaida huendesha madarasa ya matayarisho. Ipo pia njia isiyotangazwa sana: asiye na cheti cha sekondari anaweza kupata Pell akijiunga na programu maalumu inayounganisha elimu ya watu wazima na fani ya kazi, baada ya kufaulu mtihani wa uwezo au kupata krediti sita. Si kila chuo kinayo, kwa hiyo muulize mtu wa ofisi ya msaada wa fedha.

13. Nimeambiwa nianze na kozi za matayarisho ya hisabati zisizo na krediti. Nikubali?

Uliza kwanza kama kuna njia nyingine. Kwa miongo mingi mtihani mmoja wa siku ya kuingia uliwapeleka wanafunzi wengi kwenye kozi hizo, wengine ngazi tatu mfululizo, na wengi hawakutoka humo. Walilipa, wakatumia Pell, na hawakupata krediti hata moja. California ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vitazame zaidi alama za sekondari na kumwezesha mwanafunzi kuingia kozi yenye krediti ndani ya mwaka mmoja. Ikaikaza mwaka 2022. Vyuo vya majimbo mengine humweka mwanafunzi moja kwa moja katika kozi halisi na kumpa saa za ziada za msaada pembeni, na hilo ndilo ombi lako. Ila mtu ambaye kweli hajawahi kukaa darasani kwa miaka kumi asione haya kuanzia mwanzo katika elimu ya watu wazima, ambayo hailipiwi (swali la 11).

## Kubaki hadi mwisho

14. Kama ada imelipwa, kwa nini wengi hawamalizi?

Kwa sababu kinachowaangusha kwa kawaida ni gari lililoharibika, zamu iliyobadilishwa ghafla, mtoto mgonjwa, au kozi sita zilizochukuliwa bila mtu wa kumwambia mwanafunzi kwamba tatu kati yake hazihitajiki.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka New York. Mwaka 2007 CUNY, mfumo wa vyuo vya umma vya Jiji la New York, ulianzisha mpango uitwao ASAP, ambao ulimtaka mwanafunzi asome muda wote, ukampa mshauri mwenye wanafunzi wachache anayekutana naye mara kwa mara, ukalipa pengo la ada, ukasaidia vitabu, na ukampa kadi ya usafiri wa mjini. Wanafunzi wa kipato cha chini waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaingia mpango na nusu wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingia walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wengine. Vyuo vitatu vya Ohio viliuiga na kupata matokeo yanayokaribiana na hayo. Ninaisimulia habari hii kwa kila mzazi anayedhani mwanawe ameshindwa kwa uvivu. Wanafunzi wale walikuwa sawa kabisa. Kilichowatofautisha ni msaada waliopewa.

Kwa hiyo ukichagua chuo, uliza: mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi, na nitakuwa na mshauri huyohuyo hadi mwisho?

15. Je, chuo kinaweza kunisaidia kwa chakula, nauli na malezi ya watoto?

Siku hizi vingi vinaweza, na hapa ndipo mabadiliko ya jukumu yanapoonekana kwa macho. Ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ilikadiria kwamba mwaka 2020 asilimia 23 ya wanafunzi wa vyuo hawakuwa na uhakika wa chakula. Chuo cha Amarillo, Texas, chini ya rais wake wa wakati huo Russell Lowery-Hart, kiliweka katikati ya chuo kituo chenye ghala la chakula, fedha za dharura na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa hoja kwamba mwanafunzi mwenye njaa hafundishiki. Mwaka 2023 kilikuwa kimoja kati ya vyuo viwili vilivyoshinda tuzo ya Aspen, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya vyuo vya jamii.

Ghala la chakula la chuo kwa kawaida halihitaji zaidi ya kitambulisho cha mwanafunzi. Fedha za dharura hutolewa kwa mambo kama tairi, bili ya umeme au kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi huisha kabla ya muhula kwisha, basi omba mapema. Kwa SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali kuu, mwanafunzi wa nusu muda na zaidi huhitaji kutimiza sharti la ziada, kwa mfano kufanya kazi saa 20 kwa wiki au kulea mtoto wa chini ya miaka 6, na sheria ya Julai 2025 imewaondoa wakimbizi ambao hawajapata grinikadi.

16. Ninafanya zamu ya usiku kiwandani. Inawezekana kusoma?

Inawezekana kwa mpango, na haiwezekani kwa ushujaa peke yake. Tulikuwa na kaka mmoja aliyekata nyama kuanzia saa tano usiku hadi saa moja na nusu asubuhi, akajiandikisha kozi nne zinazoanza saa mbili. Alikuja na daftari lenye mistari iliyoteremka pembeni ya ukurasa kila mahali usingizi ulipomchukua akiandika. Muhula uliofuata alichukua kozi mbili za alasiri katika kipindi cha wiki nane, kisha mbili nyingine katika wiki nane za pili, na akafaulu zote nne. Vyuo vingi sasa vimegawa muhula hivyo. Kozi za mtandaoni nazo husaidia, ila zinadai kompyuta, si simu tu, na nidhamu ya kuketi bila kuitwa; kwa muhula wa kwanza ninashauri angalau kozi moja ya ana kwa ana.

## Baada ya hapo

17. Krediti zangu zitakubaliwa chuo kikuu?

Baadhi yake, na hapa ndipo ahadi ya vyuo vya jamii imevunjika zaidi. Takriban wanafunzi wanane kati ya kumi huanza wakitaka shahada ya kwanza. Karibu theluthi moja huhamia chuo kikuu, na takriban asilimia 16 tu ya wote huipata ndani ya miaka sita. Sehemu ya hasara hiyo hutokana na krediti ambazo chuo kikuu hukubali kuzipokea kama "kozi za hiari" lakini hakizihesabu kwenye fani, na mwanafunzi hurudia somo alilokwisha kulipia na kufaulu.

Usiulize kama krediti zitahamishika, maana karibu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: kozi hii itahesabiwa kama kozi ipi katika fani yangu, katika chuo kikuu kipi, na imeandikwa wapi? California ilitunga sheria mwaka 2010 iliyoanzisha shahada maalumu ya kuhamia, inayomhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa California State University. Mahali penye makubaliano kama hayo, fuata orodha yake neno kwa neno.

18. Nasikia vyuo vingine vya jamii hutoa shahada ya kwanza. Ni kweli?

Ndiyo, katika karibu nusu ya majimbo. Florida iliruhusu mwaka 2001. California ilianza kwa majaribio kwa sheria ya 2014 na ikaupanua mpango huo mwaka 2021. Mara nyingi ni fani za kazi, kama uuguzi au usimamizi wa afya. Kwa mtu asiyeweza kuhama mji kwa sababu ya watoto au wazazi, hii ni njia nzuri mno.

19. Nichukue kozi fupi ya wiki nane au shahada ya miaka miwili?

Kuanzia Julai 1, 2026, Pell inaruhusiwa kulipia kozi fupi za kazi za kati ya wiki 8 na 15, kwa sharti kwamba zimeidhinishwa na jimbo, na kwamba angalau asilimia 70 ya wanafunzi wanamaliza na asilimia 70 wanapata kazi. Kwa mwenye kodi ya nyumba ya mwezi ujao, kozi ya msaidizi wa muuguzi au udereva wa lori ni jibu la kweli, na sitamwambia asubiri. Wasiwasi wangu ni kwamba watoto wa maskini wataelekezwa huko kwa mazoea, huku wa wenzao wakielekezwa kwenye shahada. Uliza kama krediti za kozi fupi zitahesabiwa baadaye katika shahada. Kama zitahesabiwa, umepanda ngazi ya kwanza. Kama hazitahesabiwa, linganisha mshahara wake na ule unaoupata sasa kabla ya kutumia Pell yako.

## Hali za pekee

20. Mwanangu bado yuko sekondari. Anaweza kuanza?

Katika shule nyingi anaweza kuchukua kozi za chuo cha jamii akiwa darasa la 11 au 12, mara nyingi bila ada. Shule haitakupigia simu kukueleza. Mwendee mshauri wa shule. Achague kozi zinazohesabika katika fani yake (swali la 17), kwa kuwa alama atakazopata zitabaki kwenye rekodi yake ya chuo.

21. Nilikuwa mwalimu nyumbani na nina shahada. Ninaweza kupata Pell?

Kwa kawaida hapana, kwa sababu Pell si ya mwenye shahada ya kwanza, hata kama ilitolewa nje ya Marekani. Usiifiche: fomu inauliza, na uongo humfuata mtu hadi kwenye faili lake la uhamiaji. Lakini kuna jambo linalowahusu hasa Wakongo. Mtu mwenye graduat, yaani miaka mitatu ya chuo katika mfumo wa zamani, anaweza kukuta kwamba tathmini haiihesabu kuwa sawa na shahada ya kwanza ya Marekani. Chuo kikithibitisha hivyo kwa maandishi, anaweza kustahili Pell, na baadhi ya krediti zake zikamfupishia njia. Peleka tathmini hiyo ofisi ya msaada wa fedha wewe mwenyewe, keti mbele ya mhusika, na uombe uamuzi wake uandikwe.